Kisima Kilichopandishwa Daraja

Mzee Mkumbukwa alikuwa ametembea siku ya pili ndipo alipokumbuka kwamba hakumuaga mtu. Hakujali sana. Kwao walishamzoea. Wakiona mlango umefungwa kwa kipande cha waya walisema tu, "Mzee katoka," na jirani mmoja akawa anaimwagilia michicha yake mpaka arudi, au asirudi. Umri wake ulikuwa sabini na kitu. Shule aliisoma vipande vipande: miaka mitatu hapa, mwaka mmoja kule, kozi ya wiki sita, semina ya siku mbili, na kila alipotoka alipewa karatasi. Karatasi hizo alizitia katika mfuko wa nailoni akazibeba kila alikokwenda. Hakuzibeba kwa majivuno. Hakuwa na kabati, basi.

Namna alivyofika nchi ya Mafungu haina maneno mengi. Alifuata njia, njia ikafika.

Mafungu ni nchi kavu, ya watu wapole wanaopenda kupanga vitu. Kila jambo analoweza kulijua binadamu wameliweka katika fungu lake, na mafungu ni matatu. Fungu la Juu ni la mambo yanayojulikana kwa kusoma, na anayeyafundisha lazima awe na Shahada Kuu. Fungu la Kati ni la mambo ya nusu kitabu nusu mkono, na mwalimu wake anatakiwa cheti chochote na miaka sita ya kazi. Fungu la Chini ni la mambo yanayojulikana kwa kuyafanya. Huko mwalimu hatakiwi karatasi. Anatakiwa miaka, na watu waliomwona akifanya.

Mkumbukwa alielezwa hayo yote na askari wa mpakani, ambaye alikuwa na kitabu kinene mezani. Kusonga ugali, askari alisema, ni Fungu la Chini. Kupika wali ni Kati, kwa sababu una vipimo. Kuogelea ni Juu.

"Kuogelea?" Mkumbukwa aliuliza.

"Juu kabisa, mzee wangu. Waliokaa kulipanga walikuwa watu wanaoogopa maji. Waliona jambo zito."

"Na wanaofundisha kuogelea wanajua kuogelea?"

Askari alifungua kitabu, akapitisha kidole, akakifunga. "Hapa hapajaandikwa."

Katika nchi hiyo kuna chuo kimoja ambacho mtu yeyote anaruhusiwa kuingia, mkulima, mjane, hata mfungwa aliyemaliza kifungo, nacho huitwa Chuo cha Wananchi. Mkumbukwa alifika pale siku ya sherehe. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, viti vya plastiki vimepangwa, na harufu ya pilau ilikuwa imeshika kila kona. Mgeni hakatazwi pilau mahali popote duniani. Akakaa nyuma.

Sherehe ilikuwa ya mwanamke mmoja, Bi Nyamizi, aliyefundisha uchimbaji wa visima chuoni hapo kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mnene kidogo, mfupi, viganja vyake vimekauka kama soli ya kiatu, na alikaa kwenye kiti cha heshima kama mtu aliyekalia msumari. Vitongoji arobaini na viwili vya Mafungu vilikunywa maji ya visima alivyochimba yeye au waliofundishwa naye. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyefia shimoni mwake.

Aliyesimama kuhutubia ni Msajili wa Mafungu, Bwana Mshamu, mtu nadhifu, mwenye sauti ya taratibu na kalamu tatu mfukoni. Alisema kwamba nchi imejiuliza itampa nini mwalimu huyu. Saa ya ukutani? Ni ndogo. Kitenge? Ni kidogo zaidi.

"Tumeona," alisema, "tumheshimu kwa kuiheshimu fani yake. Kuanzia leo hii, uchimbaji wa visima umetoka Fungu la Chini, umepanda hadi Fungu la Juu! Wanafunzi wake hawatapewa tena barua ya kawaida. Watapewa stashahada yenye muhuri mwekundu, sawa na watu wa sheria na watu wa falsafa!"

Vigelegele vilipaa. Wanafunzi kumi na mmoja wa kisima waliruka na kukumbatiana. Bi Nyamizi aliinamisha uso, na Mkumbukwa, aliyekuwa na macho ya kuangalia watu, aliona machozi yakimdondokea mapajani.

Bwana Mshamu alifunua ukurasa wa pili, akasoma kwa sauti ileile. "Na kwa mujibu wa sheria, asiye na Shahada Kuu hafundishi Fungu la Juu. Kwa hiyo Bi Nyamizi amekoma kufundisha kuanzia dakika hii. Tunamshukuru."

Makofi yaliendelea kidogo, kwa sababu watu hawakuwa wamemaliza kupiga.

Bi Nyamizi alisimama. "Bwana Msajili, tuna shimo Msangule. Tumefika pima kumi na nane, tumo katika mchanga laini, na pete za zege hazijashuka zote. Kesho nani atawashusha watoto hawa?"

"Mwalimu wangu," Bwana Mshamu alimjibu kwa upole, "leo ni siku ya furaha. Ya kesho yana kikao chake."

Kikao kilikaa kesho yake kweli. Desturi ya Mafungu ni kwamba kila kikao lazima kiwe na mgeni mmoja asiyejua lolote juu ya linalojadiliwa, ili asiwe na upande. Mkumbukwa alikamatwa mkono pale kwenye masufuria akitafuta ukoko, akaambiwa mgeni ni yeye.

Tatizo lilikuwa rahisi kulieleza. Nchini hapakuwa na mtu mwenye Shahada Kuu ya visima, maana hakuna aliyewahi kuitoa. Sheria iliruhusu, ikikosekana fani yenyewe, achukuliwe mwenye shahada ya fani jirani. Wajumbe wakaanza kutafuta jirani wa kisima.

Mjumbe wa kwanza alisema historia, kwa kuwa nayo huchimbua. Mwingine alisema sheria, kwa kuwa watu hugombania maji. Walijadili asubuhi nzima kwa heshima kubwa, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Mwishowe akasimama mjumbe mmoja aliyekuwa kimya muda wote.

"Ndugu wajumbe, mtazamaji wa nyota hutumia chombo gani? Darubini. Darubini ni nini? Ni tundu refu, jembamba, lenye giza ndani, na mtu anachungulia mwishoni mwake. Na kisima?"

Chumba kizima kiliguna kwa kuridhika. Akaitwa Daktari Lwitiko, mtaalamu wa nyota, kijana mpole mwenye miwani. Alipoelezwa, uso ulimbadilika rangi.

"Waheshimiwa, mimi nikipanda ngazi ya dari napata kizunguzungu."

"Hiyo ni kupanda," alisema mjumbe. "Huku ni kushuka."

"Nitaandaa mtihani," Daktari Lwitiko aliomba. "Nitaandika maswali mazuri, nitayasahihisha kwa haki. Lakini shimoni msinipeleke. Nawaomba kwa jina la mama yangu."

Wakamhurumia. Ilikuwa imebaki njia moja, nayo ni Ulinganifu: mtu asiye na Shahada Kuu anaweza kujumlishiwa karatasi zake nyingine, zikitimia tisa zikahesabiwa kuwa moja. Bi Nyamizi alikuwa na karatasi ngapi? Hakuwa nayo hata moja. Alikuwa na visima.

"Visima vinakubaliwa?" Mkumbukwa aliuliza. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi.

"Haviingii kwenye jalada, mzee wangu," alisema Bwana Mshamu. Kisha macho yake yakatua kwenye mfuko wa nailoni. "Humo mna nini?"

Ndivyo ilivyoanza. Bwana Mshamu alizipanga karatasi mezani moja moja, akazinyoosha kwa kiganja. Cheti cha huduma ya kwanza. Cheti cha kufuga kuku. Barua ya kumaliza elimu ya watu wazima. Leseni ya trekta, iliyokwisha muda. Karatasi ya ushonaji iliyosema kwamba mhusika amehudhuria, bila kusema kama alijifunza. Mbili za semina za ushirika. Moja ya uashi, daraja la tatu. Zikawa nane. Bwana Mshamu alitia mkono ndani ya mfuko akatoa kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

"Sayansi ya tiba," alisema. "Tisa."

Akazipiga muhuri zote kwa mkono wake mwenyewe, akazishona kwa uzi mmoja. Wajumbe walisimama wakampa Mkumbukwa mkono. Alikuwa mtu wa kwanza katika nchi ya Mafungu mwenye sifa za kufundisha uchimbaji wa visima.

Alikataa, tena kwa maneno yasiyo na adabu sana. Lakini jioni ile Bi Nyamizi alikuja kwenye chumba cha wageni, akakaa mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kubali," alisema.

"Dada yangu, mimi sijawahi kuchimba hata choo."

"Ndiyo maana nakwambia ukubali. Akija mwingine atataka kufundisha."

Mkumbukwa alicheka mpaka akakohoa. Bi Nyamizi hakucheka. Alimweleza kwamba Msangule kuna kaya thelathini na nne, na bwawa wanalotegemea wanaligombania na ng'ombe. Shimo likiachwa wazi katika mchanga ule, mvua ya kwanza italimeza, na hakuna atakayethubutu kuchimba tena pale.

"Nimekwisha kujiandikisha," alisema. "Mwanafunzi wa kumi na mbili. Sheria inasema mwanafunzi ana haki ya kuuliza swali lolote, wakati wowote. Basi nitakuwa nauliza."

Wakaenda Msangule. Shimo lilikuwa katika uwanda usio na mti, juu yake pamesimamishwa magogo matatu na kapi ya chuma, na kando pete za zege zimepangwa kama ngoma kubwa. Mwalimu mpya aliwekewa kiti. Wanafunzi walisimama, na Bi Nyamizi alisimama miongoni mwao, wa mwisho.

"Mwalimu, nauliza," alisema. "Hivi si kweli kwamba kabla ya mtu kushuka tunashusha kwanza taa, na taa ikizimika hashuki mtu?"

"Kweli kabisa," alisema Mkumbukwa.

"Na huyu Mbonea, akijifunga kwa fundo lile alilofunga, si ataanguka?"

Mbonea alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mrefu, mwenye mdomo. Mkumbukwa alimtazama, akatazama kamba. "Ataanguka. Fungua, funga upya."

"Nifungeje, mwalimu?" Mbonea aliuliza, akiwakonyeza wenzake.

"Swali zuri sana. Nani anaweza kulijibu?"

Darasa likaangua kicheko, na Bi Nyamizi akamwonyesha fundo. Walikwenda hivyo wiki tano. Mkumbukwa alijifunza kusema "kweli" kwa sauti nyingi tofauti. Alijifunza vilevile kwamba Bi Nyamizi hulala kifudifudi kando ya shimo kila asubuhi, sikio chini, kabla hajauliza swali lake la kwanza. Siku moja alimwuliza anasikiliza nini.

"Mchanga," alisema. "Ukikaa vizuri unanyamaza. Ukitaka kuhama, unanong'ona."

"Unanong'ona vipi?"

Aliigeuza sururu mkononi. "Mwalimu, hilo sijui nilitieje katika maneno. Nililisikia, nikatoka shimoni mbio, shimo likaanguka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo nalijua."

Pima ya ishirini na moja ilipofika, ikaja barua. Mkaguzi wa Maswali alikuwa amegundua kwamba mwanafunzi mmoja ameuliza maswali mia mbili na kumi na manne kwa mwezi, na akaona ama mwanafunzi huyo ni mzito wa kuelewa kupita kiasi, ama kuna jambo. Bi Nyamizi aitwe akajieleze. Alipanda baiskeli alfajiri. Kabla hajaondoka alimvuta Mkumbukwa pembeni.

"Leo mtu asishuke. Wanoe sururu, wafagie. Asishuke mtu."

Mkumbukwa alikaa kitini akawaambia wanafunzi, "Leo hakuna kushuka."

"Kwa sababu gani, mwalimu?" aliuliza Mbonea. Hakuwa na kejeli safari hiyo. Katika Fungu la Chini mwanafunzi huambiwa usishuke, naye hashuki. Lakini wao walikuwa sasa wa Fungu la Juu, na katika Fungu la Juu amri isiyo na sababu haifuatwi. Imeandikwa. Walikuwa wamepewa kila mmoja kijitabu.

Mkumbukwa alitafuta sababu. Hakuwa nayo. Bi Nyamizi hakumwachia, na pengine hata naye asingeweza kuitamka. Angeweza kusema, "Sijui, ila yeye kakataza," lakini alikuwa amekwisha kukaa wiki tano kwenye kiti kile, watu wakimwita mwalimu, na kiti kina kawaida ya kumpanda mtu kichwani.

"Hewa," alisema. "Hewa ya leo si nzuri."

Walishusha taa. Iliwaka vizuri, ikapandishwa ikiwa bado inawaka.

"Hewa ni safi, mwalimu," alisema Mbonea. "Kuna sababu nyingine?"

Mbonea alisubiri kwa adabu, kama kijitabu kinavyoelekeza, kisha akajifunga kamba kwa fundo zuri, akashuka.

Haikupita muda. Hapakuwa na kishindo. Wale wa juu walisikia kitu kama nafaka inayomiminwa toka guniani, halafu kilio kimoja, halafu kikohozi. Walipochungulia waliona kichwa na bega moja. Mchanga ulikuwa umemfunika kifua na bega la pili.

Wanafunzi waliirukia kamba wavute. Kumi kwa mkupuo mmoja, wenye nguvu.

"Tuvute, mwalimu? Tuvute?"

Na hapo mzee akapata akili yake, akasimama kutoka kitini. "Mimi sijui!" alipiga kelele. "Mnasikia? Sijui! Acheni kamba! Mkimbilieni Bi Nyamizi!"

Waliiacha, labda kwa mshangao zaidi kuliko kwa utii. Mmoja alishika njia mbio. Bi Nyamizi alikuwa amekwisha kumaliza kwa Mkaguzi na yuko njiani kurudi, na alifika akiwa anahema, baiskeli akaitupa na magurudumu yanazunguka. Hakuuliza swali hata moja. "Mbao. Fupi kwanza. Wewe, ndoo ndogo. Wewe, ongea naye, usinyamaze. Nani alitaka kuvuta? Mngemkata katikati." Alishuka mwenyewe, akawa anazuia ukuta kwa mbao na kuchota mchanga kwa mikono, konzi baada ya konzi. Ilichukua saa nne. Mbonea alitolewa hai, mkono wa kushoto umevunjika mahali pawili.

Siku tatu baadaye zilikuja hati mbili za mashtaka. Bi Nyamizi alishtakiwa kwa kutoa amri darasani akiwa mwanafunzi. Mkumbukwa alishtakiwa kwa kutojua mbele ya wanafunzi.

Akiisoma yake, Mkumbukwa aliona chini kabisa, kwa maandishi madogo, haki za mshtakiwa. Mwalimu mwenye sifa, na huyo tu, anaweza kuomba fani yake ishushwe fungu. Visima vikirudi Fungu la Chini, Bi Nyamizi anarudi kufundisha siku ileile. Na stashahada zenye muhuri mwekundu zinafutwa. Alimpelekea Bi Nyamizi karatasi akidhani anampelekea habari njema. Alimkuta hospitalini, amekaa kando ya kitanda cha Mbonea.

"Usifanye hivyo," alisema Bi Nyamizi.

"Utarudi kazini!"

"Nimesikia. Mzee Mkumbukwa, miaka ishirini na sita nimeingilia mlango wa jikoni pale chuoni. Wanafunzi wangu wakienda kuomba kazi huulizwa, 'Una karatasi?' wanatoa barua, wanachekwa nayo. Sasa mara moja tu, mara moja, mtu amesema jambo hili ni elimu. Wewe unataka urudi ukawaambie walikosea?"

"Bi mkubwa, huyu binti nusura afe."

"Najua. Nilimtoa mimi."

Mbonea alifumbua macho. "Mzee, usiutumie mkono wangu kuninyang'anya muhuri. Nimemwahidi mama. Kwetu hajawahi kutokea mtu mwenye muhuri, hata wa bluu."

Mkumbukwa alikaa nao mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Waliyosema yote yalikuwa kweli, hata hivyo asubuhi yake alikwenda ofisi ya Msajili akaweka ombi la kushusha fungu mezani.

Bwana Mshamu hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha chai, akamwita mwandishi, akafungua jalada.

"Sababu ya ombi?"

"Sijui kuchimba kisima."

Kalamu ya mwandishi ilisimama. Bwana Mshamu alishusha kikombe. "Mzee wangu, hilo siwezi kuliandika. Mwenye sifa anajua. Ndiyo maana ya sifa. Sema kwamba una shughuli nyumbani."

"Sina shughuli nyumbani. Nina michicha. Sijui kuchimba kisima, Bwana Msajili. Bi Nyamizi alikataza kwa kuusikia mchanga; mimi nikaulizwa kwa nini watu wasishuke, nikadanganya kwa kuona haya kusema sijui. Mtoto wa watu akafukiwa. Ukiandika uandike hivyo."

"Ukishikilia neno hilo," alisema Bwana Mshamu, taratibu kama mtu anayepita penye matope, "basi kimoja kati ya viwili kina kasoro. Ama wewe huna sifa, ama fani haimo katika fungu lake. Kwamba huna sifa, haiwezekani. Karatasi zako nilizijumlisha mimi, muhuri ni wangu."

Alizitazama kalamu zake, kana kwamba mojawapo ingemshauri.

"Na Bi Nyamizi, mwenye kujua, hilo la mchanga hakuweza kukueleza kwa maneno?"

"Hakuweza."

"Basi halisomeki." Alishusha pumzi, na Mkumbukwa aliona kwamba Msajili amepata nafuu. "Jambo lisilosomeka haliwezi kukaa Fungu la Juu. Kosa ni la fungu. Andika, mwandishi. Uchimbaji wa visima unarudi Chini. Muhuri wa Ofisi umebaki safi."

"Na mashtaka?"

"Fungu la Chini halina mashtaka ya kutojua. Wakiyaweka huko, nani atabaki?"

Jioni Mkumbukwa alikwenda kumuaga Bi Nyamizi, jambo ambalo si kawaida yake. Alimkuta akikagua kamba kwenye ua wa nyuma wa chuo, karibu na mlango wa jikoni. Habari alikuwa nayo.

"Umenirudishia kazi," alisema bila kuinua macho, "na umeninyang'anya heshima. Sijui nikushukuru kwa lipi nikulaumu kwa lipi. Kwa hiyo sikushukuru, wala sikulaumu. Nenda salama."

Akaenda.

Yaliyofuata Mkumbukwa aliyapata kwa mdomo wa muuza chumvi aliyekuwa akipita huko kila mwaka. Kisima cha Msangule kilifika maji pima ya thelathini na moja, maji yenye magadi kidogo, wanakunywa. Wanafunzi watano kati ya kumi na mmoja waliondoka siku stashahada zilipofutwa. Wawili walihamia falsafa, ambako wanaendelea vizuri. Daktari Lwitiko alikuwa amekwisha kuandaa mtihani wake wa visima, na kwa kuwa ulikuwa umepigwa chapa, ulitolewa kwa watu wa nyota. Bwana Mshamu alistaafu, na ili kumheshimu, kazi ya usajili ilipandishwa Fungu la Juu. Aliyeachiwa ofisi alikuwa msaidizi wake wa miaka kumi na minane, asiye na Shahada Kuu. Ofisi imefungwa mpaka apatikane mwenye sifa.

Bi Nyamizi alifundisha miaka mingine mitatu, magoti yakakataa. Mbonea mkono wake uliunga ukiwa umepinda. Hashiki sururu. Mama yake aliambiwa habari ya muhuri, akasema hata hivyo, mtoto yuko hai. Sasa Mbonea ndiye mwalimu wa visima pale chuoni, anaingilia mlango wa jikoni. Kila asubuhi analala kifudifudi kando ya shimo, sikio chini, akisema leo mtu asishuke, hakuna anayeshuka, na wakimwuliza sababu, huwaonyesha mkono.